Farasi Aliyepishwa Njia

Bibi harusi aliyeangushwa na farasi wetu alitoka mtaa wa Mutakura, na gauni lake jeupe lilikuwa la kukodi. Nataja gauni kwanza kwa sababu mama mkwe wake naye alilitaja kwanza. Habari ya mkono ulioteguka ilikuja baadaye. Walikuja kwetu Kajaga kupiga picha ufukweni mwa ziwa, kama wanavyofanya maharusi wengi wa Bujumbura, na mpiga picha akaona itapendeza bibi harusi asimame kando ya farasi. Farasi akamsukuma kwa bega, bila hasira yoyote, kama mtu anavyosukuma kiti kilichomzibia njia, kisha akainama akaanza kula maua yaliyoanguka mchangani.

Jioni hiyo mume wangu Khaled alifika kutoka mtaa wa Asiatique, ambako ana duka la vipuri vya magari, akasikiliza kisa chote akiwa amesimama. Mahali petu pa Kajaga ni padogo: viti, mishikaki, soda, na farasi wawili wanaobeba watoto kuwazungusha ufukweni siku za mapumziko. Jike ni mzee na mpole. Dume ndiye Ministre, yaani Waziri, na jina hilo alipewa na wateja kwa sababu kila alipopita watu walitawanyika.

"Fadhila, imetosha," Khaled alisema. "Siku ya Idi batoto ba muji muzima batakuwa hapa. Akikanyaga mutoto wa mutu, mi nitasema nini?"

"Utamuuza?"

"Nani atamununua, na kila mutu anamujua? Nitaita véto, dakitari wa mifugo, aje na sindano yake. Idi isimukute hapa."

Khaled si mtu mbaya. Ni mtu anayesema jambo gumu kwa sauti kubwa ili asijisikie akilisema. Ramadhani ilikuwa ndiyo kwanza inaingia, kwa hiyo Ministre alibakiwa na mfungo mmoja wa kuishi, na mimi nikabakiwa na kazi ya kumwambia Jovithe.

Jovithe ndiye anayewatunza farasi wetu. Ni mtu wa milimani, kutoka Mugamba, ukoo wa wafugaji wa ng'ombe tangu enzi za mababu. Mrefu, mpole, sauti yake ndogo kuliko mwili wake. Mke wake alifariki kabla hajamzalia. Ministre alipozaliwa, mama yake alikufa papo hapo bandani, na Jovithe akamlea yule mtoto kwa chupa na maziwa ya ng'ombe, akalala naye kwenye majani makavu mpaka watu wakaanza kumtania kwamba ameoa tena. Nilipomweleza uamuzi wa Khaled alikuwa anafagia. Hakuacha kufagia.

"Ego, madame," alisema, ndiyo ya Kirundi. Halafu, baada ya kufika mwisho wa banda: "Basi na mi nitaenda."

"Utaenda wapi?"

"Sijui. Ministre akikosa hapa, mi nitakuwa nachunga nini?"

Mimi nikifunga, ulimi wangu haufungi. Nilimwambia kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na kwamba yeye amelea jambazi. Nilimkumbusha yote: jinsi Ministre anavyomburuta Jovithe kwa kamba kama mkokoteni, anavyotia meno mfukoni mwa watu akitafuta muwa, anavyomkanyaga mtu mguu na kubaki amesimama juu yake akitazama ziwa. Laiti angekuwa mkali ningemwelewa. Hakuwa mkali, alikuwa hana habari na mtu. Jovithe alinisikiliza mpaka nikaishiwa, akasema tena "Ego, madame," na nikaona macho yake yamejaa maji. Nikaondoka nikijichukia.

Usiku ule sikumwambia Khaled kitu. Asubuhi nilianza kuulizia mtu anayejua kurekebisha farasi, na mji huu, ukiuliza vizuri, hauna kisichopatikana. Nikaletewa jina moja: Népomuscène. Alifanya kazi miaka mingi Kampala, kwenye shule ya wapanda farasi, na huko alijifunza njia ya kumfundisha farasi bila fimbo wala chuma kikali mdomoni, kwa lugha ambayo farasi wenyewe wanaongea wakiwa kundini. Nikasema aje.

Alipofika nikamtambua, na moyo wangu ukafunga mlango. Kumbe ni yule refa! Yule aliyewapa wageni penalti dakika ya mwisho dhidi ya timu ya kaka yangu, na mtaa wetu mzima wa Buyenzi ukalala na kisirani. Alikuwa bado anachezesha mechi Jumapili, na bado alikuwa na mwendo uleule wa kurefusha shingo. Suruali imepigwa pasi mpaka mstari unakata, viatu vinang'aa, na kila akitoka mchangani anatoa leso anavifuta.

"Ile haikuwa penalti," nilimwambia kabla ya salamu.

"Madame, ilikuwa penalti," akajibu. "Amahoro. Farasi iko wapi?"

Alimwomba Jovithe wajenge uwanja wa duara kwa miti ya mikaratusi nyuma ya banda, upana wa kutosha farasi akimbie bila kuteleza. Walipomaliza akamwingiza Ministre humo, akaingia naye, mkononi kamba ndefu na hakuna kingine. Nilivuta kiti. Nakiri nilikuwa na hamu ya kumwona akikanyagwa.

Ministre alifanya kama kawaida yake: alimwendea moja kwa moja, kifua mbele, ampitie. Népomuscène hakurudi nyuma. Alimtazama tu kifuani. Farasi akaendelea. Akainua mkono. Farasi akaendelea. Akatikisa ncha ya kamba, kidogo, halafu zaidi kidogo, na ilipofika Ministre amebakiza urefu wa mkono, ile ncha ikamgusa kifuani, si kwa kuumiza, kwa kujulisha tu. Ministre akasimama. Sijawahi kuona mnyama ameshangaa vile. Akarudisha mguu mmoja nyuma, na papo hapo yule bwana akashusha kamba, akashusha mkono, akageuza uso pembeni kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Umeona, madame?" aliniambia bila kunigeukia. "Ukiomba, anza na kuomba polepole. Akikataa, ongeza. Akikubali hata kidogo, nyamaza ileile dakika. Kunyamaza ndiko kunamufundisha, apana ile kamba."

Kisha akamwacha akimbie pembeni ya duara, yeye akiwa katikati, akimgeuza huku na huku kwa kusogea hatua tu. Ministre alipiga shoti, akarusha miguu ya nyuma, akapiga kelele. Népomuscène hakumfokea wala hakumbembeleza. Baada ya muda sikio moja la farasi likaelekea ndani, likabaki hapo. Halafu kichwa kikashuka. Halafu akaanza kulamba midomo na kutafuna hewa. Hapo refa akampa mgongo, akasimama kimya, na yule Ministre wetu asiyejua mtu akaja kwa mwendo wa taratibu akasimama nyuma yake. Nilijikuta nimesimama kutoka kitini.

Siku zilizofuata niliacha jikoni mikononi mwa wasaidizi ili nimwangalie tu. Ningependa kusema nilimwona na kosa moja, maana nilikuwa nalitafuta, lakini sikuliona. Alikuwa na hasira ya mchana kama sisi sote, jua la Kajaga halimwonei mtu huruma, na kwa adabu hakuwahi kunywa maji mbele yetu tuliofunga. Lakini hasira ile haikuwahi kufika mkononi mwake. Na hakuwa na kinyongo. Ministre akimng'ata alimrudisha nyuma, kisha wakaanza upya kama watu waliokutana sasa hivi.

"Uwanjani ni vilevile," alinieleza siku moja akifuta viatu. "Muchezaji anakuja anafoka, kifua mbele. Nikirudi nyuma hatua moja, mechi imenitoka mukononi. Nikimutukana, imenitoka pia. Nasimama, namupa kadi, basi, nasahau. Nikikumbuka kosa lake mpaka dakika ya mwisho, mi sifai."

"Ndiyo maana umesahau ile penalti," nikamwambia, na kwa mara ya kwanza akacheka.

Kufikia katikati ya mfungo Ministre alikuwa anaongozwa kwa kidole. Alisimama langoni mpaka aambiwe apite. Alikula muwa bila kugusa vidole. Khaled alikuja akaona, akakuna kidevu, akasema tutaangalia, na kwa Khaled hilo ni pongezi kubwa. Népomuscène alikunja kamba yake, akatangaza kwamba mechi imekwisha, akarudi kwake. Mimi nilimfungia sambusa za futari akapeleke nyumbani, nikamwambia ni za mke wake, si zake.

Kesho yake asubuhi Jovithe aliingia bandani na ndoo ya chakula, na Ministre akambana ukutani mpaka mbavu zikalia.

Nilikuta Jovithe ameketi chini, ameshika ubavu, anapumua kwa shida, na farasi anakula ndooni kwa raha zake. Jambo lililonichoma si lile pigo. Ni kwamba Jovithe aliniomba nisimwambie Khaled. Nikagundua kwamba hii haikuwa mara ya kwanza, wala ya pili. Mtu huyu alikuwa na mwili mzima wa makovu aliyomfichia mnyama.

Khaled alijua tu, maana Kajaga hakuna siri. "Si nilisema?" aliuliza, na akampigia simu daktari wa mifugo. Siku ya mwisho ya mfungo, alasiri, daktari angekuja.

Népomuscène alirudi mbio, na ilikuwa mara ya kwanza nimwone na viatu vichafu. Akamshika Ministre: adabu tupu. Akampa Jovithe kamba: jambazi yuleyule. Akachukua tena: adabu. Alirudia mpaka akaketi kwenye gogo na kushika kichwa. Halafu akamwambia Jovithe amtembeze farasi tena, na safari hii hakumtazama farasi hata kidogo. Alitazama miguu ya Jovithe.

"We Jovithe, unamupisha kwa nini?"

"Namupisha?"

"Kila akigeuza kifua kwako, unarudi nyuma. Hata haujui kama unarudi."

Jovithe alifikiri. "Kwetu, ng'ombe akija, mutu anamupisha njia. Baba alinifundisha vile. Ng'ombe haziwezi kugeuka kwa sababu ya mutu. Iyo ni heshima."

Basi. Nilikaa na kijiko nilichotoka nacho jikoni nikielewa kitu ambacho nilikuwa nakitazama miaka yote. Kila siku, asubuhi na jioni, mtu mpole kuliko wote Kajaga alikuwa anamsalimia farasi kwa heshima ya ng'ombe, na farasi alikuwa anasoma kitu kingine kabisa.

"Ng'ombe iko na pembe, na kumupisha ni akili," Népomuscène alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole nisiyoitegemea. "Farasi anaongea na miguu. Mwenye anasogea, ule ndiye mudogo. Ministre anakuuliza kila siku: we ni mutu? Na kila siku unamujibu: apana, mi si kitu, pita."

Akamwambia Jovithe asimame, akamwendea kifua mbele kama farasi. Jovithe akarudi nyuma. Akamwendea tena, Jovithe akarudi mpaka akagota kwenye miti ya uwanja. "Na mi pia ni ng'ombe?" akauliza refa, na Jovithe mwenyewe akacheka huku ameshika ubavu. Lakini alipoambiwa asimame imara, alishindwa. Siku hiyo alishindwa, na iliyofuata. Maskini, hakuwa anampisha farasi peke yake. Alimpisha Khaled, alinipisha mimi, aliwapisha watoto wa wateja. Uvumilivu ukaniisha.

"Jovithe, heshima si utumwa!" nilipiga kelele. "Unamuua na iyo heshima yako! Unasikia? Si sindano itamuua, ni we!"

Alinigeukia, na kwa mara ya kwanza nikaona hasira usoni mwake.

"Madame, uyu alikosa mama siku alizaliwa. Alikuwa anatetemeka. Alisukuma kichwa hapa," akajigusa tumbo, "na mi nilikuwa peke yangu wa kusukumwa. Nimurudishe nyuma? Mi? Nitakuwa namukataa. Siwezi kumukataa."

Népomuscène ndiye aliyemjibu, na nitamheshimu kwa jibu hilo maisha yangu yote, penalti au si penalti. Alikaa chini mchangani na suruali yake iliyopigwa pasi, akamwashiria Jovithe akae naye.

"Nilikuwa naangalia majike Kampala na batoto babo," alisema. "Mutoto akimusukuma mama yake na kiburi, unajua mama anafanya nini? Anamufukuza kundini. Anamuangalia tu, mutoto anabaki kando peke yake mpaka atulie. Akitulia, mama anamuita, ananyonya. Iyo si kumukataa. Ni vile mama ya farasi anasema: mutoto yangu, mi niko hapa, nione. Mama ya Ministre angekuwa muzima, angemurudisha nyuma siku ya kwanza. Ulimupa maziwa, ulimupa usingizi yako. Iyo moja tu hakuna mutu alimupa."

Jovithe alikaa akichora mchanga kwa kidole, halafu akainuka akaenda kuwapa farasi maji.

Siku ya mwisho ya mfungo ikafika. Daktari alikuja alasiri, mtu mtaratibu, akaketi kwenye meza yetu ya ukingoni na kuweka mkoba wake chini ya kiti. Khaled alisimama karibu naye, uso umekaza. Népomuscène hakuruhusiwa kugusa kamba. Khaled alisema waziwazi kwamba Népomuscène haishi Kajaga, Jovithe ndiye anayeishi, na anataka kuona farasi akiwa na Jovithe. Ilikuwa haki, na niliichukia haki hiyo.

Jovithe akatoka bandani na Ministre. Hatua za kwanza walikwenda sawa. Kisha Ministre akaona karai la karoti nililokuwa nimeandaa kwa ajili ya sikukuu, pembeni ya meza ya daktari, akageuza kifua. Jovithe alikuwa katikati yake na karai.

Niliona kisigino cha Jovithe kikinyanyuka. Nikasema Bismillahi bila sauti. Népomuscène, kando yangu, alikuwa ameng'ata ile leso yake ya viatu.

Kisigino kikashuka palepale kilipokuwa.

Ministre aliendelea kuja. Kifua chake kikamfikia Jovithe, kikamgusa, na mwili wa Jovithe ukayumba, lakini miguu ilibaki. Akainua mkono, polepole. Hakuna kitu. Akatikisa kamba. "Rindira," alisema kwa Kirundi, subiri, kwa sauti yake ileile ndogo. Akatikisa zaidi. Farasi akainua kichwa juu, masikio mbele, kama aliyesikia mtu akiitika ndani ya nyumba aliyodhani haina mtu. Jovithe akaweka vidole viwili kifuani pa farasi. Hakuviondoa.

Ministre akarudi nyuma hatua moja.

Mkono ukaanguka mara moja. Jovithe akanyamaza kimwili, sijui niseme vipi vinginevyo. Alitulia mwili mzima. Na Ministre akashusha kichwa, akalamba midomo, akabaki amesimama, akimwelekea yeye na si karai. Jovithe akageuka akatembea. Kamba ililegea mpaka ikaburuzika mchangani, na farasi akamfuata. Aliposimama, akasimama. Alipogeuka, akageuka. Walipita mbele ya meza, mbele ya mkoba, wakazunguka mbele ya Khaled, farasi akiwa mbali kidogo na bega la Jovithe, kama watu wawili waliotoka kwao pamoja.

Khaled alikohoa. "Docteur," alisema, "utusamehe kwa safari ya bure. Kaa, ufuturu na sisi." Daktari aliusukuma mkoba wake kwa mguu, ukaingia ndani zaidi chini ya kiti, na nadhani kati yetu sote yeye ndiye aliyepumua kwa nguvu zaidi.

Népomuscène alianza kupiga makofi, akakumbuka farasi, akaacha. Mimi nilimfuata Jovithe kumpa habari kwamba Ministre anabaki. Sina hakika alinisikia. Alikuwa amesimama na uso wake umelowa, na farasi amesimama mbele yake, nafasi ya mkono mmoja katikati yao, anamtazama.

"Madame," aliniambia, "nimemulea tangu anazaliwa. Nimelala naye, nimemupisha kila siku. Leo ndiyo mara ya kwanza ananiona."

Nikalia mbele ya wateja, mbele ya mume wangu, mbele ya refa, na sikuona haya.